Utani Usio na Mwenyewe

Siku waliyomrudisha Mzee Ksaveri Tawete kuzikwa kwao Litandala, Wahehe walikaa kimya.

Asiyejua mambo ya Wangoni na Wahehe angesema hiyo ndiyo adabu ya msiba. Adabu gani! Mababu wa watu hawa walipigana mpaka wakachokana, na walipochoka wakapatana kwa namna moja tu: tangu siku ile Mhehe atamtukana Mngoni, Mngoni atamtukana Mhehe, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Huo ndio utani, na mahali unapokolea kuliko pote ni msibani. Mtani huja akilia kilio cha uongo, akavaa kofia ya marehemu, akaigiza alivyotembea, akalala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe jogoo. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na katika kucheka huko hugundua kwamba kesho wataweza kuamka. Mngoni aliyezikwa bila Mhehe wa kumtukana amezikwa kama mzigo uliookotwa njiani.

Osmunda, binti mkubwa wa marehemu, alikaa mkekani akiwatazama Wahehe watano waliotoka Iringa alfajiri. Aliyewaongoza alikuwa Mama Desderia Kikoti, mjane wa miaka sitini na ushei, ambaye ulimi wake ulijulikana mikoa mitatu. Miaka ishirini nyuma, alipofiwa na mumewe, Mzee Ksaveri ndiye aliyelala kaburini kule Iringa, akakoroma, akadai jogoo mwekundu asiye na doa. Sasa ilikuwa zamu ya Desderia. Alikuwa ameshavaa kofia ya marehemu, ile ya kahawia yenye ukingo uliolika, lakini mikono ameiweka mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Mama Kikoti," Osmunda alisema kwa sauti ya chini, "hata neno moja?"

Desderia alimtazama. Kisha akashindwa kujizuia. Akasimama, akainua goti juu kama kuku anayevuka tope, mwendo wa Mzee Ksaveri mtupu, maana nyonga ilimsumbua tangu ujana. "Huyu mzee jamani," akaanza, "hata kufa kachelewa, kwa sababu alikuwa anasubiri—"

Kipuli sikioni mwake kikawaka taa nyekundu. Sauti laini ikasikika mkeka mzima.

"Onyo la pili. Maudhui haya yana mwenyewe. Tafadhali furahia Mtani Bora, mali ya Studio za Aurelia."

Desderia alishusha goti na kukaa. Hakuna aliyecheka, na mtoto mmoja aliyekuwa ameanza alizibwa mdomo na mama yake.

Kila mtu alikuwa na kipuli. Bila kipuli basi halifungui mlango, zahanati haikutambui, hata bomba la maji la kijiji halitoi tone. Onyo la tatu hukizima kwa siku thelathini, na huko kuzimwa watu walikuita kufungiwa. Desderia alikuwa mgonjwa wa presha, na dawa zake zilitoka kwenye kabati la zahanati lililosikiliza vipuli tu.

"Wenzangu wamejaribu kwa Kihehe," alisema bila kumtazama Osmunda. "Wamejaribu kugeuza maneno. Mimi juzi nimejaribu kupiga mluzi tu, nikapata onyo la kwanza. Kwa mluzi! Hicho kidude hakisikilizi maneno, mwanangu. Kinasikiliza unakokwenda."

Osmunda alijua. Yeye ndiye aliyekileta.

*

Alikuwa mkurugenzi katika Wakala wa Kukaribisha Studio, ofisi ya serikali yenye kazi ya kuwavuta watengenezaji wa filamu, michezo na muziki wa dunia nzima waje kuwekeza nchini. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Vijana wa Ruvuma walikuwa wakihama wilaya baada ya wilaya, na Osmunda aliapa atawaletea kazi ya akili hapo hapo walipozaliwa. Alizunguka miji mikubwa akitangaza ardhi ya bure, umeme wa maporomoko na msamaha wa kodi. Walimpigia makofi, wakamnywesha kahawa, wakaenda kuwekeza kwingine, kwa sababu ardhi na umeme kila nchi inavyo.

Aurelia walitaka kitu kingine. Walitengeneza filamu-hai, ambamo mtazamaji huingia na kuzungumza na wahusika. Mashine zao ziliweza kumfariji mtu, kumshauri, hata kumtongoza. Zilichoshindwa ni kumtukana mtu akaenda nyumbani amefurahi. Kila zilipojaribu, wateja walilia au walishtaki. Ndipo Bi Ingrith Vaal, mkuu wa uwekezaji wa Aurelia, aliposikia habari za watani. Kwa miaka miwili walinasa sauti kwenye misiba mia mbili na kumi na moja. Mashine ikajifunza mwendo wenyewe wa utani: inapoanzia kejeli, inapovutia pumzi, inapogeuka kuwa huruma. Lakini wawekezaji hawaweki fedha kwenye kitu ambacho jirani anacho bure. Walitaka haki ya peke yao kwa miaka thelathini, na sheria iliiruhusu kwa mali yoyote ya sanaa isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo Osmunda aliandaa fomu na kwenda kuuliza. Wazee wa Kingoni walimjibu, "Utani? Upuuzi huo si wetu, ni wa Wahehe." Akapanda hadi Iringa. Wahehe wakamjibu, "Sisi? Watu wenye akili zetu? Hayo ni mambo ya Wangoni, wamekuja nayo wakikimbia kutoka Kusini mwa Afrika." Osmunda aliandika: *Haina mwenyewe.* Akasaini kwa kipuli chake.

Ni baba yake, karani mstaafu wa mahakama, aliyeisoma nakala ile na kuweka miwani mezani. "Munda," alisema, "walikuwa wanakutania."

Alikuwa Mngoni, binti wa Mngoni, na hakusikia utani ulipomgonga usoni, kwa sababu siku ile alikuwa amebeba fomu.

*

Saa sita mchana Gaspari, mdogo wake, alimkuta nyuma ya jiko akivunja kuni ambazo hakuna aliyemwomba avunje. Gaspari alikuwa fundi wa majukwaa pale Aurelia, na sare yake ya buluu aliivaa hata msibani.

"Katibu Mkuu wa wizara yako amekupigia?"

"Amenipigia." Osmunda aliegemeza shoka. "Anakuja na Bi Vaal kutoa pole. Na wamebeba mkataba wa awamu ya pili nisaini hapa hapa. Safari hii wanataka watani wote wa nchi nzima. Wanyamwezi, Wazaramo, Wasukuma, kila mtu na mtani wake."

"Hapa msibani?"

"Anasema ni dakika moja tu. Sheria inasema aliyethibitisha kwanza ndiye athibitishe tena, na ofa ya Aurelia inaisha leo jua likizama."

Gaspari alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Dada, mimi sitakudanganya. Pale tuko mia nane. Mtoto wangu Imakulata alizaliwa kwenye zahanati ya studio. Rafiki zangu niliosoma nao wote wako hapa, wanajenga nyumba, hakuna aliyepanda basi la kwenda kubeba mizigo ya watu. Hiyo ni kazi yako wewe. Baba alikuwa anajisifu kwa hilo, ila kwako hakusema."

"Na awamu ya pili?"

"Elfu nne. Usiposaini, wanaweza kufunga hata hii ya kwanza." Akajifuta uso. "Utani ni maneno, dada. Kazi ni ugali."

Osmunda aliokota vipande vya kuni. Mdogo wake alikuwa anasema kweli. Lakini alipochungulia uani alimwona Desderia amekaa na kofia ya baba kichwani, kimya, na akajisikia aibu kali kuliko alivyowahi kujisikia. Mwanamke huyu alikuwa amesafiri kilomita mia nne kuja kumtukana rafiki yake, na yeye, Osmunda, amemfunga mdomo kwa saini.

*

Wageni walifika jeneza lilipokuwa limeshatua ukingoni mwa kaburi. Katibu Mkuu, Bwana Shomvi, alikuwa mtu mpole wa pwani aliyejua kutoa pole, na aliitoa vizuri. Bi Vaal alivua viatu kwenye mkeka bila kuambiwa. Alizungumza kwa lugha yake, na kipuli kikamgeuzia Kiswahili safi cha msoma habari.

"Bi Osmunda, nimesikia kwamba baba yako alithamini sana utani. Nisingependa azikwe bila huo. Nimekuletea zawadi, bila malipo."

Nyuma yake alitokea mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge kisicho na kunyanzi hata moja. Ilichukua muda kuona kwamba hapepesi macho. Hiyo ndiyo mashine yenyewe, Mtani Bora.

Na haki isemwe, mashine ilijua kazi. Ilisogea ukingoni, ikaangua kilio cha uongo ambacho mtu angeapa ni cha bibi kizee wa Kihehe. "Jamani, ndiye huyu Ksaveri? Mbona leo amelala kama mtu mwenye akili?" Ikainua goti la kuku anayevuka tope. Ikakohoa kikohozi cha marehemu, kile cha mara tatu walichokinasa misibani, kisha ikasema kwa sauti yake mwenyewe Mzee Ksaveri, "Sawasawa na sheria!"

Watu wakacheka. Kicheko kiliwatoka kama maji yaliyozuiwa. Gaspari alicheka huku analia, akajishika mbavu. Hata Osmunda alisikia midomo yake ikicheza, na akajichukia.

"Sitoki hapa bila jogoo!" mashine ikapiga kelele.

Gaspari akakimbia, akarudi na jogoo mwekundu. Mashine ikampokea, ikatabasamu, ikamrudisha mikononi mwake. "Asante. Nimepokea kama ishara. Mimi sili."

Kicheko kikapungua. Gaspari akabaki amesimama na jogoo wake, hajui ampeleke wapi. Kwa Wangoni, jogoo akitoka kwenda kwa mtani harudi.

Osmunda akasogea mpaka akawa uso kwa uso na kile kitenge. "Nikikutukana mimi sasa, utafanya nini?"

"Maoni yako ni muhimu kwetu," mashine ikasema kwa upole.

"Na siku ukifa, sisi Wangoni tutakuja kulala kwenye kaburi lako?"

"Swali zuri. Mimi sifi. Matoleo yangu huboreshwa kila robo mwaka."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja alitema mate kando, bila hasira, kama mtu aliyeonja mboga isiyo na chumvi. Na hapo Osmunda akaelewa alichokosea tangu mwanzo, akakielewa kwa uzito kifuani. Mashine iliweza kumtukana Ksaveri. Ilichoshindwa ni kupokea tusi ikatulia nalo nyumbani miaka ishirini, ikingoja zamu yake. Utani ulikuwa na wenyewe tangu zamani. Wenyewe walikuwa wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa kamba.

"Bi Osmunda," Bwana Shomvi akanong'ona, "jua linakwenda. Saini kwanza, kisha tumzike mzee kwa amani." Akanyoosha kibao cha kusainia, kinachosubiri kipuli chake kitamke ndiyo.

Osmunda alimgeukia Desderia.

"Mama Kikoti. Umekuja huku kula ugali wetu tu? Kilomita mia nne umebeba tumbo, ulimi umeuacha kwenye kibuyu cha pombe ya ulanzi?"

Kipuli cha Osmunda kikawaka. *Onyo la kwanza. Maudhui haya yana mwenyewe.*

Bwana Shomvi akarudisha mkono nyuma. "Mkurugenzi! Kipuli chako ndicho saini!"

"Najua, Bwana Katibu." Hakuondoa macho kwa Desderia. "Mhehe akinyamaza, ujue anatafuta mahali pa kulala. Lala basi! Au mnaogopa kaburi la Mngoni litawafundisha akili?"

*Onyo la pili.*

"Bi Osmunda," Bi Vaal akasema, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa kweli, "nilikuja kwa heshima. Nimewaajiri watu wako."

"Umekuja kwa heshima, na umewaajiri, na nakushukuru mbele ya baba yangu. Siku ya kwanza nilikwambia karibu, na leo nakwambia karibu. Mgeni akikaribishwa hupewa kiti, mama, hapewi hati ya nyumba. Mnataka watani? Waajiri watani wenyewe. Huyu hapa Kikoti, mlipeni asimame kwenye filamu zenu, akirudi nyumbani aendelee kututukana bila kuomba ruhusa yenu. Kosa la kwanza ni langu, nililiandika kwa mkono wangu. La pili silisaini."

"Basi fedha zitakwenda nchi nyingine."

"Ziende! Zikifika huko zitakuta nao wana misiba."

Desderia alikuwa amesimama. Akaikandamiza kofia kichwani, akamtazama Osmunda juu mpaka chini, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Dawa zangu ziko za wiki mbili," alisema taratibu.

Osmunda alisita. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Alikuwa tayari kujifungia mwenyewe, lakini mwili wa mwenzake haukuwa wake wa kuutoa. "Basi kaa, mama. Kaa. Mimi peke yangu—"

"Nitazichukua mimi," Gaspari akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa bado na jogoo kwapani, sare yake ya buluu imejaa manyoya. "Mimi sitasema neno leo. Kipuli changu kitabaki wazi. Dawa za Mama Kikoti, maji, basi la watoto, vyote vitapitia kwangu siku thelathini." Akamweka jogoo vizuri. "Na kazi ikienda, imekwenda. Lakini msiniambie nicheke tena na kile kidude."

Desderia hakungoja zaidi. Aliruka kaburini kwa miguu yote miwili, mwanamke wa miaka sitini na ushei, akajilaza chali na kukunja mikono kifuani. Vumbi jekundu likapanda.

"Ksaveri!" akapiga kelele kutoka chini. "Mwizi wa ugoro wewe! Miaka arobaini unaniomba ugoro, siku moja hukununua! Umekufa ili usinirudishie! Nani alikwambia huku chini kuna Mhehe wa kukupa? Na jogoo wangu nimemwona, mwekundu, sawa, lakini mwembamba kama mahari ya Kingoni! Sitoki!"

*Onyo la tatu. Kipuli chako kimefungwa.* Taa nyekundu ikazimika sikioni mwake.

"Na wewe, Osmunda!" Desderia akaendelea, pumzi juu juu. "Msomi gani anakwenda kuwauliza Wahehe kitu akaamini jibu?"

Hapo kicheko kikalipuka. Hiki kilitoka tumboni, kibaya, chenye kamasi, na Osmunda alicheka mpaka akapiga magoti ukingoni mwa kaburi, kilio cha kumlilia baba yake kikamtoka chote kwa mara moja. Akainama, akampigia kelele Desderia usoni:

"Nilidhani siku hiyo mlikuwa hamjalewa!"

*Onyo la tatu. Kipuli chako kimefungwa.*

Kibao mikononi mwa Bwana Shomvi kikalia mara moja na kuwa cheusi. Katibu alikitazama, akamtazama Bi Vaal. Nyuma yao mzee wa Kingoni alikuwa ameshaanza kumshambulia Mhehe wa pili, Mhehe anamjibu, mashangazi wameingilia, vipuli vinawaka na kuzimika uwanja mzima. Bwana Shomvi alikuwa Mzaramo, na watani wao ni Wasukuma. Akainama kumsaidia Bi Vaal kuvaa viatu, na Osmunda aliyekuwa karibu alimsikia akisema peke yake, "Wasukuma wangenila nyama mimi, wangenila nyama."

Desderia alitolewa kaburini kwa jogoo wawili. Mzee Ksaveri akashushwa mahali alipotoka rafiki yake, na udongo ukarudishwa.

*

Kesho yake asubuhi Osmunda alianza safari ya Songea mjini kwenda kuandika ripoti. Alijua huenda barua ya kumwachisha kazi ingefika ofisini kabla yake. Alijua pia kwamba siku thelathini zikiisha kipuli kitafunguka, na mtu yeyote atakayemletea ile fomu, awe Aurelia au mwingine, atamwandikia pale penye swali la mwenyewe majina mawili, na la kwanza litakuwa la Kikoti. Kuhusu wale mia nane hakujua lolote, na hakujidanganya kwamba anajua. Gaspari alikuwa ameondoka mapema kwenda kazini, akiwa na sare yake na orodha ya dawa mfukoni.

Basi lisilo na dereva lilisimama kituoni, likasubiri kipuli kiseme, halikusikia kitu, likafunga mlango wake na kuondoka.

"Kilomita thelathini," Osmunda alisema.

Desderia, aliyeapa kumsindikiza mpaka mjini, aliirekebisha kofia ya kahawia. Chini ya kwapa lake jogoo mwekundu alitoa kichwa na kutazama barabara. Kwa desturi kofia ilikuwa yake sasa, na hakuna Mngoni angethubutu kuidai.

"Babu zako walikimbia kwa miguu kutoka Kusini kote huko," alisema kwa sauti kubwa, ili anayesikiliza asikie, "leo unaogopa Songea? Tangulia, mtani. Ukichoka, nitakuzika."